Karatasi Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 8 Aprili

Kesho mkutano wa wazazi. Mimi! Binti yangu Iga yuko darasa la nane na sijakanyaga hata mkutano mmoja. Ni kazi ya mke wangu, Bernadeta. Lakini Bernadeta yuko Ciechocinek, mji wa tiba, wiki tatu kwa ajili ya mgongo wake, analowekwa kwenye maji ya chumvi kama tango. Leo amepiga simu mara mbili. Anasema nisiende kukaa kama gunia. Niandike maswali matano, nimtazame mwalimu usoni, nisimkatize, nisiulize habari za watoto wa wenzangu.

Nimeandika sita. La sita: binti yangu ni wa ngapi darasani? Bernadeta kasema siku hizi hawasemi. Nitauliza hivyo hivyo. Mtoto ana alama za juu, nne na tano tupu, ni golikipa wa mpira wa mikono, hajaniletea aibu hata siku moja. Nataka nisikie kwa masikio yangu, na wengine wasikie.

Jumanne, 9 Aprili

Nilichelewa robo saa — vigae vya bafuni kwa mteja vilikuwa vimepinda, sikuweza kuviacha vile. Nikakuta wazazi wamejibana kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu, Mwalimu Wrona anaeleza mtihani wa mwezi Mei. Majina ya watoto hayatajwi, ni sheria ya siri. Kila mtoto ni namba yake ya rejista, na alama ziko kwenye vikaratasi vilivyofunikwa mezani kwa mwalimu. Iga ni kumi na nne. Tangu Septemba ni kumi na nne, kaiandika mpaka kwenye begi la michezo.

Mkutano ukaisha. Nikaenda mbele na maswali yangu sita, mwalimu kazingirwa na akina mama, sikupata hata upenyo. Nikachukua kikaratasi changu nikatoka nacho.

Hesabu, moja. Fizikia, moja. Moja! Chini ya hapo hakuna kitu. Kemia, mbili. Saa za utoro: sitini na tatu. SITINI NA TATU! Na chini, kwa kalamu: mzazi aje tuzungumze, Alhamisi ya wiki ijayo.

Nilikaa garini nisijue ufunguo unaingia wapi.

Nyumbani nimemtupia Iga kikaratasi mezani, juu ya sahani ya supu. Akasema, "Baba, hii si yangu." Nikamwambia hapo sasa, umeanza na uongo! Nimefoka. Nimesema kesho alfajiri niko shuleni, naingia ofisini kwa mkuu, wanitajie hizi saa sitini na tatu ni za nani, na mtoto huyo alikuwa wapi.

Akakichukua kile kikaratasi. Akakisoma polepole. Rangi ikamtoka usoni, nimeona mwenyewe.

"Ni yangu," akasema. "Usiende, Baba. Ni yangu."

Nilikuwa wapi hapo? Fizikia, moja!

Jumatano, 10 Aprili

Nimemnyang'anya simu. Nimemuuliza alikuwa wapi saa zote hizo. Nimeuliza ni mvulana? Sigara? Kacheka kidogo, ndipo nikazidi kuwaka. Nimesema: Jumamosi hakuna mashindano Radom. Atakaa hapa na kitabu cha fizikia.

Hapo ndipo alipolia. Lakini hakuomba msamaha wala hakujitetea.

Bernadeta kapiga. Mkutano ulikuwaje? Nikasema mzuri, viti vidogo. Siwezi kumwambia, atapanda treni leo hii na mgongo wake ule. Alama zote ziko kwenye simu yake, angeweza kuangalia — basi nimemwambia apumzike, aiache simu, daktari atafurahi. Nimekuwa mwongo kama binti yangu!

Jumamosi, 13 Aprili

Wamefungwa 24 kwa 9. Golini walimweka beki wa pembeni.

Kocha amenipigia kunieleza, kwa adabu sana, neno baya hata moja hakusema. Iga kasikia matokeo, kaingia chumbani kwake. Hanitazami. Tangu Jumanne mtoto huyu anazungumza na kifungo cha shati langu.

Jumanne, 16 Aprili

Supu ya matango. Iga kainywea chumbani kwake.

Alhamisi, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nimefika kwa Mwalimu Wrona mapema, mashati mawili nimebadilisha, maswali mapya kumi na mawili, yote ya aibu. Nikaanza mwenyewe, kabla hajafungua mdomo: Mwalimu, nimeshachukua hatua, nimemfungia, mashindano nimefuta, simu ninayo mimi. Yeye ananitazama tu.

"Hatua za nini, Bwana Malec?"

Nikaweka kikaratasi mezani. Akakishika, akakigeuza, akaniuliza nimekipata wapi. Nikasema kumi na nne, mwanangu ni kumi na nne! Akaweka mkono mdomoni.

Iga ni kumi na tatu. Kuna msichana wa mwanzo wa orodha amehamia Poznań Februari, rejista ikapangwa upya, wote waliomfuata wakasogea juu namba moja. Mwalimu aliwatangazia wazazi dakika ya kwanza ya mkutano. Dakika ya kwanza! Mimi nilikuwa na vigae. Akafungua droo akanipa cha Iga, kimekaa humo siku tisa kwa sababu alidhani nimesahau kukichukua. Nne, tano, tano, tano. Utoro: sifuri. Kwa kalamu: hongera kwa wazazi.

Hongera kwa wazazi!

Nikamwambia, lakini mwenyewe amekiri. Nilimuuliza akasema ni yangu. Mwalimu akakitia kikaratasi kile kwenye droo. Akasema cha kumi na nne hawezi kunitajia ni cha nani, nikisahau nilichosoma atashukuru, na mzazi husika hakuja mkutanoni kwa hiyo inabidi ampigie.

Hakuwa na haja ya kunitajia. Malec, halafu Matuszak, nani asiyejua alfabeti? Jagoda Matuszak, anayeishi mlango wa ngazi ya tatu, jengo letu hili hili, aliyekaa dawati moja na Iga tangu darasa la kwanza.

Nimerudi nyumbani nimepiga magoti. Kweli kabisa, jikoni, nikiwa na koti. Iga akasema, "Inuka, Baba, utaumia goti la kazini." Nikauliza kwa nini, mwanangu, kwa nini?

Akaeleza akitazama sakafu. Mama yake Jagoda aliondoka nyumbani vuli iliyopita, anaishi Kielce. Baba yake, Matuszak, aliapa: mtoto akimwona huyo mwanamke, atahamishwa kwa shangazi yake Szczecin, na shule ahamie huko. Na atafanya, namfahamu. Basi kila Alhamisi na Ijumaa Jagoda anatoroka vipindi vya mwisho, anapanda treni, anakaa na mama yake kwa muda wa saa mbili, anarudi. Kwa Iga hesabu ilikuwa rahisi: kama ningeenda kwa mkuu, siri ingetoka.

"Wewe ungenisamehe siku moja," akasema. "Yule hangemsamehe."

Nimeomba msamaha. Kasema sawa. Kwa kifungo cha shati.

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika jikoni, kwenye daftari hili, nimesimama. Nisipoandika nitapiga yowe.

Saa kumi na mbili na nusu kengele ya mlango. Matuszak! Koti la kazini, mchangamfu. Kasema mwalimu amempigia, Jumatatu anamtaka shuleni, hajui kuna nini, pengine ni sifa. Kisha:

"Haya Zenon, mwambie binti yangu avae viatu. Leo nimetoka mapema, nampeleka tukale piza."

Nikasema binti gani?

"Jagoda, bwana! Si yuko kwenu? Kila Alhamisi na Ijumaa mnamfundisha hesabu. Nilikuwa nataka kukushukuru siku nyingi."

Miezi mingapi nimekuwa na mwanafunzi nyumbani bila habari! Na huyu mtu ananishika mkono, ananishukuru, macho yanamng'aa kabisa. Ni baba. Amefurahi mtoto wake anasoma. Mimi mwenyewe siku kumi zilizopita nilikuwa mlevi wa furaha kama hii hii, nikiwa na maswali sita mfukoni. Nikadhani ana haki ya kujua. Nadhani hivyo hata sasa. Saa sitini na tatu! Ningekuwa mimi ningetaka mtu aniambie.

Iga akatoka chumbani. "Yuko bafuni, Bwana Matuszak. Amejimwagia wino, anaosha nywele." Akaingia huko, nikasikia bomba limefunguliwa, akatoka akafunga mlango nyuma yake.

Bafuni hakuna mtu.

Treni ya Kielce inafika saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kutoka stesheni ni dakika kumi kwa miguu, saba akikimbia, na Iga ameshamwandikia Jagoda aje hapa mbio, kwa simu niliyomrudishia jana. Iga ananiandikia mahesabu hayo kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani, kama ndiyo fizikia yenyewe. Sasa ni kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Matuszak yuko sebuleni na chai yake, anaongea kwa sauti kubwa juu ya piza, maji yanamwagika, yanamwagika.

"Zenon!" kaita sasa hivi. "Huyu mtoto huwa anakaa bafuni muda wote huu hapa kwenu?"

Nilikuwa na neno la kweli mdomoni. Nilikuwa nalo kabisa.

"Kila mara, ndugu yangu," nimemjibu. "Wanatumalizia maji ya moto."

Iga ameinua uso akanitazama, macho kwa macho.

Nasikia kiti cha sebuleni kinasogea. Anakuja kubisha mlango wa bafuni.