Gari Fupi ya Baba

Kasese, Jumapili

Kaka Ocaya,

Poleni na jua la huko Gulu. Sisi tuko, ila mtoto anaota meno na mimi silali.

Gari ya Baba tumeipata Bwera. Najua ulitaka gari ndefu, ili siku yake ya kufa ikifika imbebe mpaka nyumbani akazikwe na wazee wetu. Hata Ezéchiel, Mkongomani anayeuza magari, aliipiga bodi moja ndefu akasema, "Mama, hii iko muzuri, mutu analala humu na miguu inanyooka." Baba alikuwa amesimama pale pale anasikia. Alijaribu kuipanda mara tatu, goti likakataa, akacheka kwa aibu.

Nikachagua Rav4 fupi ya zamani. Aliingia mwenyewe, akashika usukani, akauliza, "Aryemo, hii si itanifikisha Kitswamba kwa Bamwine?" Miaka thelathini alifanya kazi kiwanda cha saruji, kaka, hajawahi kumtembelea rafiki yake huyo.

Basi usinigombeze. Jeneza tutaliazimia gari siku hiyo. Hii ni ya mtu anayekaa, si anayelazwa.

Ukitaka kumuuliza mwenyewe, piga jioni. Sasa hivi yuko Kitswamba.

Dada yako asiyebadili neno,
Aryemo