Ganzi ya Vidole vya Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na mama. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila naandika mbio mbio, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Nimekupigia tangu asubuhi, simu yako haipatikani. Dereva anayekuletea barua hii nimemwambia asisimame popote, hata chai asinywe.

Jana mimi na fundi mwenzangu wa umeme tuliitwa nyumbani kwa dobi. Mkewe alikuwa anasuuza nguo bombani, pekupeku, akanaswa na umeme. Dobi anasema mwanzoni alidhani anatania, maana yule mama alikuwa mcheshi kweli. Kumbe umeme ukipita mkononi misuli inajikaza, vidole vinang'ang'ania kitu kile kile kinachokuua. Wala hauhitaji kuwa mwingi. Ule wa kuwasha taa ndogo tu, ukipita kifuani, moyo unapoteza mapigo. Wanamzika leo.

Nilipofuatilia nyaya, nikakuta ule wa usalama, unaotakiwa kuingia ardhini, umefungwa kwenye bomba la maji. Friji ilipoharibika, umeme ukahamia bombani. Nikamuuliza mwenzangu, yule tunayemwita Mkato, ni mpuuzi gani kafanya kazi hii. Akainamisha kichwa. Alisema kuchimba kunachosha, na bomba nalo si linaingia ardhini? Nilitaka kumtia makofi. Akaongeza kwamba nyumba zote alizofanya peke yake amefunga hivyo hivyo.

Ya kwako aliifanya peke yake, dada.

Sasa nisikilize. Ile ganzi inayompata mama akiosha vyombo, unayomchulia dawa kila jioni, sidhani tena kama ni uzee. Na zile ndala zake za mpira, ulizosema umezitupa kwa kuwa zinateleza, naona ndizo zilizokuwa zinamlinda. Jamani, dada yangu!

Zima swichi kuu sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mtu yeyote asishike bomba mpaka nifike kesho. Na ukimkuta amenasa, Mungu apishe mbali, najua utamkimbilia umkumbatie, ndivyo ulivyo. Usimguse. Nakuomba kwa machozi, mwache hapo hapo, ukimbilie swichi kwanza.

Nisalimie mama. Mwambie vyombo aviache, nitakuja kuviosha mimi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Kitinda mimba