Kwa Mama Aimé, Niliyemwita Mupelelezi juu ya Kikombe cha Maziwa

Mama Aimé, wewe wa kitanda cha dirishani,

Sijui uko upande gani leo, ndiyo maana naandika barua ya kusomwa na kila mutu. Nilikutukana mbele ya watu. Siwezi kukuomba radhi ndani ya bahasha iliyofungwa.

Kwanza nikupe habari ya Kahindo, unajua siwezi kunyamaza juu yake. Anatembea! Anakimbiza kuku wa majirani mtaa muzima wa Ndosho, na akijikwaa halii, analikaripia jiwe. Mutoto muzuri kuliko yeye hajazaliwa, na akizaliwa nitasema ni wa pili.

Lakini wewe ulimwona alipokuwa mudogo kama kiatu. Mabomu yalianza saa sita mchana, nikakimbia na godoro kichwani mpaka hospitali ya Keshero, uchungu ukanishika njiani, mimba ya miezi saba. Wewe ulikuwa umetangulia pale, kwa miguu kutoka upande wa Rutshuru, na Aimé, naye njiti, kifuani ngozi kwa ngozi ndani ya kitenge chako cha kijani. Ulinisogezea beseni ya maji ya moto ya chumba, zamu yako, kabla hujaniuliza jina.

Unakumbuka nilivyokuwa nakamua ndani ya kikombe, maana Kahindo hakuweza kunyonya? Kwetu Butembo mwanamuke anasifiwa kwa maziwa. Bibi yangu alinyonyesha watoto wake na mapacha wa jirani juu yake. Nilikuwa naminya mpaka maziwa yanapiga ukuta, chumba kizima kinacheka. Halafu muuguzi anakuja, anachukua kikombe changu, anatia ule unga wa pakiti ndogo, anakoroga. Eh! Nilihisi kama amenitemea mate.

"Maziwa yako haina shida, mama," alisema. "Shida ni tumbo ya mutoto, inabeba matone tu. Hii unga inaongeza nguvu ndani ya yale matone, akomae mifupa."

Nikaitika vizuri. Akigeuka, namwaga ile iliyokorogwa, nakamua nyingine, safi, ya ukoo wetu, namnywesha Kahindo. Nilifanya vile juma zima. Kila asubuhi mizani inasema Aimé amepanda, Kahindo amesimama palepale. Na bado nikakucheka: "Wa kwako anaumuka kama mukate! Mimi siuzi uji wa bouillie kifuani." Ulicheka na wewe. Kiisha ukaniona namwaga.

Hukusema mbele ya watu. Ulikaa pembeni ya kitanda changu, sauti chini: "Mama Kahindo, nilizika mumoja mbele ya Aimé kuzaliwa, mudogo kama wako. Maziwa ilikuwa inanilowanisha nguo na mutoto anakauka, sababu kule kwetu hii unga haikuwa. Hapana mwaga, dada yangu."

"Angalia wa kwako," nikakujibu.

Kesho yake Kahindo alikuwa amepungua, ukamwambia muuguzi. Ulifanya kazi ya mama. Na mimi nikasimama katikati ya chumba nikapiga kelele: "Mupelelezi! Mumetufukuza kwa mabomu, sasa munakuja kuchunguza hata maziwa yetu!"

Wewe, uliyekimbia mabomu yaleyale.

Neno lile nilijua linafanya nini Goma, siku zile, kwa mutu mwenye lugha yako, lugha ya wenye mabomu. Nilijua. Asikudanganye mutu kwamba liliniponyoka. Hakuna aliyekupiga. Ila beseni haikuzunguka tena mpaka kwako, mama wa kitanda cha mlangoni akahamisha jiko lake mbali nawe, na mulinzi wa hospitali akaanza kukuuliza karatasi za kitambulisho kila ukienda chooni. Siku ya tatu asubuhi kitanda cha dirishani kilikuwa wazi. Muuguzi aliketi juu yake akalia. "Alibakiza siku chache tu za unga," alisema. "Kule kwenye mahema ya wakimbizi, Kibati, hii unga hakuna."

Barabara zilikuwa zimefungwa, pakiti zimebaki za kuhesabika. Zile za Aimé akapewa Kahindo. Nilikoroga mwenyewe, sikumwaga hata tone. Akapanda mizani.

Nilipotoka hospitali nilikuja Kibati kukutafuta, Kahindo mgongoni, mashavu kama maandazi. Nitakuambia kweli: nilikuwa nimepanga nijidai kwanza juu ya mashavu, kiisha ndiyo niombe radhi. Ndivyo Mungu aliniumba. Mwanamuke mumoja akanionyesha kijilima cha mawe meusi, kirefu kama mukono wangu.

"Mutoto wa yule mama wa kitenge ya kijani. Maskini, alikuwa na maziwa sana. Iliendelea kutoka hata kiisha ya kumuzika."

"Na mama mwenyewe?"

"Alienda. Kuna mutu alitoka hospitali, akasema huyu ni mupelelezi. Watu wakamukataa."

Nilikuwa nafikiri neno langu lilibakia ndani ya kile chumba. Kumbe lilipanda njia pamoja nawe, likafika, likaketi mlangoni pa hema lako.

Mama Aimé, sikuombi unisamehe. Ningekuwa wewe, nisingesamehe. Naandika tu hivi: hukuwa mupelelezi. Ulikuwa mama uliyetaka mutoto wa mwenzako aishi, na ameishi. Wewe unayesoma, ukimukuta mwanamuke huyu popote, musomee maneno hayo kwa sauti, na kwanza uite watu wajae.

Ubaki na Mungu, popote unapolala.

Mimi, mama wa Kahindo, mutoto aliyekunywa pakiti za Aimé.