Sindano Mbili na Santuri ya Babu

Valérie, ungekuwa wewe, ungemwekea marehemu babu sindano gani ya gramafoni? Mimi bado sijui. Shangazi Nyirakamana amenisimulia sasa hivi.

Ni wakati wa Zaïre, yeye mwanafunzi kama sisi. Mdogo wake Julienne anaolewa, hapa mtaani Mapendo, katika nyumba ya mbao. Shangazi ndiye aliyeshika gramafoni. Alikuwa na santuri moja ambamo babu, baba yao aliyekwisha kufariki, alipiga gita la besi. Nakala nyingine haipo. Haipo, Valérie!

Akaweka sindano nyepesi, ile isiyochubua santuri. Besi ikaunguruma, watu wakakanyaga sakafu kwa nguvu, mbao zikatikisika, sindano ikaruka. Akairudisha. Ikaruka tena, palepale babu anapoingia!

“Weka ile nzito!” akafoka Papa Onésime, mwenye gramafoni. “Ile hairukake.”

“Ile inakula disque, papa,” akajibu Shangazi, akiifunika santuri kwa kiganja.

“Basi utuimbie weye na mudomo!”

Watu wakacheka. Bibi harusi hakucheka.

“Yaya,” akamwambia dada yake, “papa yetu hakuniona nikiolewa. Anisindikize hata na sauti.”

Hebu fikiria: nyumba nzima inamtazama Shangazi, na sauti ya baba yake imo mkononi mwake.

Shangazi akafunga ile sindano nzito, akawageukia wote.

“Nitaipiga mara moja, mupaka mwisho. Kisha hii disque haitapigwa tena. Mwenye kucheza, asimame.”