Karatasi ya Curtis

Chayo, umeamka? Soma hii kabla hujaingia zamu.

Curtis msimamizi ameniita ofisini sasa hivi, hata glavu za kukatia kuku sijavua. Akafunga mlango. Curtis kufunga mlango, tangu lini?

Ananiambia, "Dada, ni hii sheria mpya ya jimbo. Kiwanda kikikutwa na wafanyakazi wasio na vibali vya kazi, leseni inafutwa. Saini hapa, ni kawaida tu."

Nikamwambia nisome kwanza. Hakupenda.

Karatasi inasema mimi ndiye niliyewadanganya. Kwamba nilileta kitambulisho cha Brenda Ortiz, na kiwanda hakikujua kitu. Hakikujua, Chayo. Kitambulisho kile alinipa Curtis mwenyewe, mkononi, kwenye maegesho, huku anacheka eti nafanana na huyo Brenda wa pichani.

Nikamuuliza, "Nikisaini, kazi ninayo?"

"Hiyo tutaona."

"Basi nipe nikaisome nyumbani."

"Haitoki humu. Usijitafutie makubwa, Eulalia."

Eulalia. Miaka mitatu ananiita Brenda, leo jina langu la kweli limemtoka lenyewe. Karani aliyekuwa anachapa pale pembeni akaacha kuchapa, akamtazama.

Sikusaini. Nimekaa kwenye gari. Kazi nadhani ndiyo imekwisha.

Lakini niliona rundo la karatasi kama ile mezani. Ya pili kutoka juu ina jina lako, na sahihi imeshawekwa.

Niambie ukweli. Ni wewe uliyesaini?