Ishirini Bila Feni

9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyonga mpya imekubali kukaa mahali pake na wauguzi wameshaanza kukutembeza. Hapa nyumbani miili ni mizima. Mama anakusalimu na anasema usijaribu ngazi kabla hujaruhusiwa, maana anakujua.

Habari najua zimekufikia kwa simu. Simu yangu nimeizima. Wewe mwenyewe ulituma ujumbe kupitia Mama kwamba nikikupigia nitalia, nawe utalia, na hakuna atakayeambulia neno, kwa hiyo niandike. Basi naandika.

Ilikuwa Jumanne, siku ile ile uliyopanda basi kwenda hospitali. Safari ya kwanza maji yalikuwa shwari, kivuko kikaingia gati la ng'ambo chenyewe. Tukiwa tunarudi, abiria thelathini na sita na pikipiki nne, upepo ukainuka na kutusukuma kuelekea gati letu. Niliingia na mwendo, kama ninavyofanya siku zote, nikijua nitabonyeza kitufe, ile feni ya puani, chini ya maji, itaanza kunguruma na kuizuia pua isigonge. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mara nne, Shangazi. Muda ule wote nilipaswa kuwa nimetia rivasi.

Pua ikaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Kicheko wetu alikuwa amesimama pale pale puani na kamba yake, uso umekunjwa kama kawaida, na akanyoosha mkono kukizuia kivuko. Amezoea kwamba mimi humfikisha taratibu, anagusa tu nguzo kwa kiganja. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeondolewa. Mfunga kamba, Shangazi, mkono wa kulia.

Leseni yangu imeshikiliwa. Kikao cha uchunguzi ni tarehe 2 Aprili, na wakisema ni uzembe wangu, usukani nitausikia kwenye hadithi tu. Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Ni ule mlio wa mkono.

Niombee.

Mtoto wa kaka yako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi naendelea. Natembea kutoka kitandani hadi dirishani kwa magongo mawili, halafu nasifiwa kama mtoto wa mwaka mmoja. Binti yangu ananilisha uji kila anaponiona nimefumba mdomo. Pole sana, pole kuliko ninavyoweza kuandika. Na pole nyingi kwa Kicheko. Mwambie Shangazi anampa pole. Hapana, usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe.

Sasa nisikilize. Chombo kinaweza kumwangusha mtu yeyote. Siku kampuni ilipotuletea kivuko chenye feni nilisema mbele ya watu wote kwamba kile kitufe kitawafanya manahodha wawe abiria, wakanicheka, wakasema mama huyu anaionea wivu mashine. Ndiyo maana nilikuwekea lile daftari. Ukienda kwenye kikao, nenda nalo. Mazoezi ishirini ya kuegesha bila feni, na sahihi yangu chini ya kila moja. Nahodha gani wa umri wako ana daftari kama hilo? Waoneshe, waone kwamba mtu huyu alifundishwa, ila mashine ilimkimbia.

Kitu kimoja unijibu upesi. Fundi ameshafungua lile boksi la feni? Amesema ameona nini?

Chakula hakipiti, lakini hizo ni dawa tu. Usijitese kupita kiasi. Umri wako bado mdogo, na lawama hazigawanywi na anayelia zaidi.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia umefika dirishani. Uji ule, wewe unywe tu, binti yako hana mchezo.

Umenitajia daftari na tangu hapo silali. Nikae nalo moyoni mpaka lini? Mazoezi si ishirini. Ni manne. Unakumbuka nyonga ilivyokuwa imekubana, hukuweza kupanda ngazi ya chumba cha usukani, tukakubaliana nitafanya mazoezi alfajiri kivuko kikiwa kitupu, halafu nikuletee daftari jikoni utie sahihi? Ya kwanza manne nilifanya kweli. La nne nilikwaruza ubavu mzima, na Kicheko akaupaka rangi kabla wenye kampuni hawajaja. Baada ya hapo niliogopa. Nikawa nabonyeza kitufe kama kawaida, nakuja kwako, naandika tarehe na upepo ulivyokuwa, nakunywa chai yako, nawe unatia sahihi huku ukinisifu. Mara kumi na sita nimekukalia mezani na uongo mfukoni.

Kwa hiyo siku feni ilipokataa sikuwa na mikono. Ni hilo tu.

Kuhusu fundi. Amefungua boksi na kukuta nafasi ya fyuzi iko tupu. Haikuungua, haipo kabisa. Na hapa ndipo penye jambo baya. Ufunguo wa lile boksi huwa kwa Kicheko, na mwaka jana aliwahi kuchomoa fyuzi ya taa za nje akaitia kwenye redio yake, kila mtu anakumbuka. Sasa ofisini wanasema ameirudia tabia. Kwamba aliitoa mwenyewe, ikamponza mwenyewe.

Niliposikia hivyo, Shangazi, nilipumua. Mtu amelazwa na mkono umefungwa kama mkate, na mimi nimepumua. Sijui ni mtu wa namna gani.

Niambie la kufanya. Nilipeleke daftari au nisilipeleke? Utakachosema nitafanya.

Mtoto wa kaka yako


7 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Mama amempigia binti yako, akaambiwa unaendelea vizuri, umeanza kutumia gongo moja. Basi nashukuru Mungu kwa hilo.

Kikao kimepita. Nililipeleka daftari. Nilingoja barua yako mpaka asubuhi ile, posta wakaniambia hakuna kitu, nikalichukua na kwenda. Mwenyekiti alilifungua, akasoma sahihi zako moja moja, akasema jina lako linatosha, kila nahodha wa maji haya amepita mikononi mwako. Hakuniuliza hata swali moja kuhusu yaliyomo. Wamesema sina kosa. Kosa ni fyuzi.

Kicheko aliletwa na mkewe, mkono umening'inizwa shingoni. Wakamuuliza nani alitoa fyuzi. Akasema yeye hakuitoa. Wakamuuliza, kama si wewe mwenye ufunguo, ni nani? Akaangalia sahihi zako pale mezani, akasema hana la kuongeza. Wakamwachisha kazi palepale. Miaka kumi na moja ya kamba. Alipopita mbele yangu kutoka nje alinigusa bega kwa ule mkono mzima. Afadhali angenitemea mate.

Jana nimerudi kazini. Feni imewekewa fyuzi mpya, inanguruma vizuri. Niliingia gati polepole mno, abiria wakalalamika watachelewa. Aliyepewa kamba ni mgeni, hajui hata nguzo ipi inaanza.

Mbona umenyamaza? Kama umenikasirikia kwa sababu ya daftari, nitukane. Ukimya wako ndio siuwezi.

Mtoto wa kaka yako


13 Aprili

Mwanangu,

Salamu hazitoki, unisamehe. Niko hai na natembea.

Fyuzi niliitoa mimi.

Jumatatu jioni, kabla ya safari yangu ya hospitali, nilishuka gatini kukiaga kivuko. Nilikuwa bado na ufunguo wangu wa zamani wa lile boksi la sitahani, ambao hakuna aliyewahi kukumbuka kuudai. Nilikuwa nakwenda kulazwa wiki sita na nikawaza, huyu mtoto anaweza kuegesha, ishirini ameegesha, lakini kitufe kikiwepo atakibonyeza tu na mkono utasahau. Nilisikiliza utabiri, wakasema shwari siku tatu. Fundi huja Ijumaa. Nikasema ataijaribu feni kabla ya kufungua kamba, kama nilivyomfundisha, ataikuta imekufa, ataninunia, na atafanya kazi siku tatu kwa mikono yake. Kukuambia sikutaka, maana ungeweka nyingine kabla sijafika kituo cha basi. Nilijiona mwerevu sana. Niliitia kwenye mkoba pamoja na miwani, na nikasafiri nayo.

Kumbe hukuijaribu. Kumbe upepo haukusikia utabiri. Na kumbe hukuwa na ishirini, ulikuwa na manne. Lakini hilo nalo ni langu, kwa sababu nahodha gani anatia sahihi kitu alichokisikia jikoni? Nilikuwa naona aibu kusema siwezi tena kupanda ngazi. Nikaona nikikusainia haraka nitaonekana bado niko kazini.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi, ulijue kutoka kwangu. Barua yako ya mazoezi manne ilipofika, nilifurahi. Nilisema, alaa, basi si mimi, ni yeye na uongo wake. Nilikaa na furaha hiyo siku mbili nzima, nikala hata nyama. Halafu nikamkumbuka Kicheko na nikaanza kukuandikia. Barua tatu nimezichana. Ya nne niliificha chini ya mto mpaka kikao kikapita, nami nilijua tarehe vizuri sana. Wamemfukuza nikiwa nimelala juu ya barua.

Ulisema utafanya nitakachosema. Sikukuambia kitu kwa sababu kila nilichotaka kukuambia kilianza na mimi.

Leo asubuhi nimeituma fyuzi ofisini kwa mwenyekiti, na maelezo yote kwa mwandiko wangu. Nimeituma kabla ya kukuandikia wewe, nisije nikapata nafasi ya kughairi. Nimeeleza nilichotoa na nilichosaini bila kuona. Kama mazoezi ni manne au ishirini, hilo sikuligusa. Ni la kwako.

Siombi msamaha kwa barua. Najua hautoshi humu.

Shangazi yako


27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, na safari hii nakuuliza kwa sababu nahitaji kujua. Utaona kwa nini.

Barua yako niliisoma nimesimama posta, nikaichana katikati, nikaenda nje, nikarudi kuokota vipande. Nimekukasirikia sana. Siku tano nilizunguka na maneno mdomoni ambayo mtu hamwambii shangazi yake. Yote yalikuwa yanaanza na "ungeniambia", na kila nilipofika hapo nilijikumbuka jikoni kwako na kikombe cha chai, nikashindwa kuendelea.

Nimekwenda ofisini. Mwenyekiti alikuwa na fyuzi yako mezani, ameiweka juu ya daftari. Nikamwambia manne. Akaniuliza mara mbili kama nimeelewa ninachosema. Leseni imeondolewa kwa mwaka mmoja, na nikitaka kuirudisha nitaegesha ishirini, feni imefungwa, mkaguzi amesimama pembeni. Nimeshaanza. Nafanya alfajiri. Juzi niliingia na upepo wa nyuma, nikaona pua inaanza kuondoka, nikaiacha iondoke, nikatia rivasi, na nyuma ya kivuko ikavutwa kushoto kama ulivyokuwa ukisema. Tuligonga matairi ya gatini, lakini tuligonga kistaarabu. Mkaguzi hakuandika kitu, alisema rudia. Nimerudia mara sita.

Kicheko ameitwa arudi. Kamba haziwezi tena, watamweka kwenye tiketi. Nilikwenda kwake Jumamosi kumweleza yote mawili, la kwangu na la kwako. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anajifunza kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto, na mkewe amekatazwa kumsaidia. Nilisema mpaka mwisho. Nilipotaja fyuzi aliendelea na kifungo chake.

Akasema alikuona. Jumatatu ile jioni alikuwa anaosha sitaha upande wa nyuma. Alikuona ukifungua boksi, ukatoa kitu, ukakitia kwenye mkoba. Alidhani ni jambo la matengenezo, akanyamaza. Jumanne, kabla hata damu haijakauka, alishajua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye kikao, wamemfukuza kazi kwa kunyamaza. Nakuandikia alivyonijibu, neno kwa neno, maana tangu Jumamosi silisikii jingine.

"Yule mama ndiye aliyenifundisha kazi. Nilijua atakuja mwenyewe aseme. Nikawa namsubiri."

Nikamwambia umesema, umewaandikia ofisini, na mimi umeniandikia. Nilikuwa na barua yako mfukoni, ile iliyoungwa kwa gundi, nikaitoa nikampa. Aliisoma yote, polepole, akaikunja kwa mkono mmoja, ikamchukua muda, akanirudishia.

"Hii ni karatasi," akasema. "Mimi nilikuwa nasubiri mtu."

Basi linaondoka huko kila siku saa moja asubuhi. Muulize daktari kama unaweza kukaa kwenye kiti cha basi saa sita nzima, na akisema huwezi, uliza ni lini utaweza. Ukifika kituoni nitakuwa pale, tutakwenda kwake pamoja, maana mimi nimeshakwenda mara moja na bado hajaniambia nikae.

Usinijibu kwa barua.

Mtoto wa kaka yako