Saa Saba Kutoka Tashkent

Mpendwa Bibi Sharofat wa safu ya ushauri,

Naomba msaada, na unijibu upesi, maana daktari hanipi hata mwezi, na barua hii peke yake imenichukua siku nne kuiandika. Nimefundisha jiografia hapa Margilan miaka thelathini na minane, na uongo wangu ni wa jiografia. Binti yetu Zulhumor alipokwenda kufanya kazi Seoul aling'ata mkate kama ilivyo desturi yetu kwa kila msafiri, mama yake akautundika msumarini umngoje arudi kuumaliza, na huu mwaka wa kumi na moja anaupangusa vumbi kila Ijumaa. Binti alipojifungua akamwita mama yake, na mke wangu Hosiyat akaniuliza, "Baba Zulhumor, huko ni mbali kiasi gani?" nami nilijua, nilishapima kwa uzi juu ya tufe la darasani, kilomita elfu nne na mia tisa hivi, saa saba angani kutoka Tashkent, jambo linalonistaajabisha hadi leo, kwani babu yangu alipeleka hariri Kashgar, ng'ambo ya milima, kwa wiki tatu mgongoni mwa ngamia, lakini nikaogopa kwamba akijua ni karibu hivyo atakwenda asirudi, basi nikamwambia, "Siku tatu. Ndege nne."

"Siku tatu angani!" akacheka. "Hata kuku wa sokoni hafungiwi hivyo."

Binti nikamwambia mama yake anaogopa ndege.

Sasa natamani kumwona Zulhumor, lakini Hosiyat hataki apigiwe simu. "Siku tatu njiani, na sisi maiti hatumlazi. Atakuta kaburi. Tusimtese." Kisha huenda kulia uani nisimsikie. Nikimwita binti, kesho atabisha hodi, na mke wangu, aliyeniamini kuliko ramani, atajua. Nife na siri yangu, au nife na aibu?

Mwalimu Ergash

*

Mwalimu,

Pole kwa maradhi. Pole yangu inaishia hapo.

Kumpenda mke hata ukaogopa asije akatoka machoni pako si kosa. Kosa ni kumfungia mlango kwa elimu yako. Na umemtazama vizuri lakini? Mwanamke aliyepangusa mkate Ijumaa zaidi ya mia tano, unadhani angekutupa? Angeng'ata wake, akautundika kando ya ule, na angerudi kuumaliza. Mimi ninayetoa ushauri kila wiki sijapata kusikia uaminifu kama huo.

Mwite sasa, aketi kitandani. Usitangulize hadithi za babu na ngamia. Sema, "Hosiyat, ni mwendo wa saa saba." Atakusema, msikilize hadi mwisho, umeyataka mwenyewe. Kisha mpe simu ampigie binti yeye, si wewe. Na chai iwe ya moto sana, maana mkate wa miaka kumi na moja ni tofali.

Barua yako imekula siku nne, Mwalimu. Kwa siku hizo Zulhumor angekuwa ameshafika, ameshautafuna mkate wake, na yeye ndiye angekusomea jibu hili. Weka gazeti chini. Mwite mkeo.